Matundu Katika Nyumba ya Kiswaga

Jumamosi, saa nne asubuhi, ukungu ulikuwa bado haujaondoka Njombe. Mpwa wangu Oswini na mkewe Agripina walikuwa wakipaka rangi nyumba waliyoipanga, nyumba yao ya kwanza, nami nilikuwa nimekaa mlangoni namenya viazi. Jirani mmoja alipita kusalimu. Alimwona Oswini ameshika saruji mbichi kwenye mwiko, anaelekea kwenye kitundu kilichokuwa chini ya dirisha. Jirani akasema, "Tundu usilolitoboa, usilizibe," akaenda zake.

Vijana wakanigeukia. Agripina alidhani maana yake ni kwamba mtu asijiingize katika mambo yasiyomhusu. Oswini alidhani ni maneno ya mafundi tu. Niliwaambia kwamba wote wawili wamekosea, na kwamba methali hii, tofauti na nyingi, ina mwanzo unaojulikana, kwa kuwa nilikuwapo ilipoanza. Nikawaambia waweke brashi chini. Mwanzo wake ni huu.

Wakati huo umeme ulikuwa haujafika mitaa ya juu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na nyumba yangu ilitazamana na nyumba ya Mzee Kiswaga. Hakukuwa na nyumba kubwa kama hiyo mtaani. Kuta zake zilikuwa za tofali za kuchoma, dari ya mbao zilizobanana, na madirisha ya vioo yaliyofungika vizuri. Wengi wetu tulikaa katika nyumba za bati ambazo upepo uliingia upande huu na kutokea upande ule. Kiswaga mwenyewe, kabla wengi wetu hatujahamia mtaa huo, alikuwa amehamia Makambako kwenye biashara yake ya mbao, na ufunguo alikuwa nao dada yake, Yustina. Kodi yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na ukubwa wa nyumba, lakini wapangaji hawakudumu. Walisema ni ya baridi. Hilo lilikuwa kweli, na sababu ilionekana: juu ya kuta za vyumba vya kulala, karibu na dari, kulikuwa na matundu ya kupitisha ngumi, mawili kila chumba, moja likitazamana na lingine.

Festo Mgaya, mpima ardhi, aliipanga nyumba hiyo alipomwoa Ludia. Ludia alikuwa fundi cherehani. Mashine yake aliiweka kwenye baraza la duka moja sokoni, na mikono yake ilijulikana kuliko sura yake. Walipohamia, vitu vyao vyote vilijaa kona moja ya sebule. Viti vyao vitatu, katika ukumbi ule, vilionekana kama wageni waliosahauliwa. Nilipokwenda kuwakaribisha, nilimkuta Ludia amesimama katikati ya sebule anazunguka taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

Hakuwa na haraka ya kupamba kwa ajili yake mwenyewe. Haraka ilitoka kwa mama mkwe wake, Bi Natalia. Bi Natalia alikuwa amemchagulia mwanawe msichana mwingine, binti wa katekista, na Festo alikataa. Siku ya harusi alimwambia Ludia mbele ya wanawake wote waliokuwa wakipika kwamba nyumba kubwa humuumbua mwanamke mtupu. Akaongeza kwamba atakuja kuiona mwenyewe mahindi yakishavunwa, na akiwakuta kama watoto wawili wanaocheza ndani ya jumba tupu, atarudi kijijini na mwanawe. Watu walicheka. Ludia hakucheka. Alijua kwamba Festo alikuwa mtu mpole, na mtu mpole humsikiliza mama yake.

Basi alianza kazi, na alichokuwa nacho ni mabaki. Alikusanya vipande vinavyobaki mezani kwa mafundi wenzake, akaviunga kwa kufuata rangi, mpaka mapazia yake yakaonekana kama kitambaa kilichofumwa makusudi. Alichukua magunia ya unga, akayachemsha mpaka maandishi yakafutika, kisha akayapika pamoja na magome ya miti ya miwati. Yalitoka na rangi ya kahawia iliyoiva, akayafanya matandiko na foronya. Masanduku ya mbao aliyapanga yakawa rafu. Alikata mwanzi mrefu, akautundika kutoka ukuta hadi ukuta, akaning'iniza pazia, na ile sebule iliyowashinda wapangaji wote ikawa vyumba viwili vyenye kiasi. Festo alipaka chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu kidogo. Kufikia mwezi wa tano, watu walikuwa wakipita kwenye nyumba ile wanapunguza mwendo.

Yakabaki matundu. Kila upepo ulipovuma, mapazia ya vyumbani yaliinuka, na vumbi lilichora michirizi kwenye chokaa mpya. Ludia alimfuata Yustina kumwuliza yalikuwa ya nini. Yustina alimjibu kwamba yaliachwa na mafundi walipofunga jukwaa la kujengea, na kwamba walipolipwa hawakurudi kuyaziba. Jibu hilo lilitosheleza. Kila mtu amewahi kuona matundu ya jukwaa. Lakini matundu ya jukwaa hufuata mstari mmoja kuizunguka nyumba yote, na hutokea pale miti ilipopita. Haya yalikuwa katika vyumba vya kulala tu, na kingo zake zilikuwa zimechongwa kwa patasi baada ya plasta kukauka. Ludia aliuliza, akajibiwa, akaridhika.

Hakuyaziba kwa saruji, kwa sababu nyumba haikuwa yake. Alishona vifuko vya mviringo, akavishindilia vipande vya nguo mpaka vikawa vigumu kama mpira, na upande wa mbele wa kila kifuko akadarizi ua. Ua la tundu hili halikufanana na la tundu lile. Ukikisukuma kifuko ndani ya tundu, upepo ulikatika kabisa, na ukutani lilibaki ua peke yake, kama limeota pale. Niliyaona kwa macho yangu na niliyasifu. Wanawake wa mtaa walikuja mmoja mmoja. Walitaka maua ya Ludia kwa ajili ya matundu ya hewa ya nyumba zao, maana baridi ilikuwa imeanza, naye aliwashonea. Hakuna jirani aliyeuliza lolote.

Bi Natalia alifika mwezi wa saba, mahindi yakiwa yamevunwa, wakati ambapo asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Nilialikwa chakula cha jioni. Alipita chumba hadi chumba, akishika mapazia kwa vidole viwili kama anayetafuta kasoro ya kitambaa sokoni. Ludia alimfuata nyuma na kibatari. Walipofika kwenye chumba alichoandaliwa mgeni, Bi Natalia alitazama kitanda, alitazama rafu, aliinua macho akaona maua mawili yanayotazamana juu ya kuta. Alikaa kitandani.

"Haya nayo umeyanunua wapi?"

"Nimeyashona, mama."

"Kwa nguo gani?"

"Mabaki tu, mama."

Bi Natalia aligeuza foronya akatazama mshono wake. Kisha akasema, "Kwangu mimi ningekaa na upepo wangu mpaka nife. Umeijaza nyumba, mwanangu."

Lilikuwa neno la kwanza la aina hiyo kutoka kwake. Ludia aliinama kuokota kitu sakafuni, na sakafuni hapakuwa na kitu.

Sisi wa huku tunajua adabu ya mgeni mzee katika baridi. Unamwashia mkaa jikoni, unausubiri uwe mwekundu usiotoa moshi, unampelekea jiko chumbani. Kila mmoja wetu amefanya hivyo kwa wazazi wake. Ludia alifanya hivyo kwa mama mkwe wake, na kwa kuwa upepo ulipita chini ya mlango, alilaza pale kitambaa alichokikunja. Hayo aliyasema yeye mwenyewe baadaye, hakuna aliyemlazimisha.

Asubuhi Bi Natalia hakuamka. Ludia aligonga na chai mkononi, akagonga tena, akafungua. Mimi niliitwa kabla ya majirani wengine. Marehemu alikuwa amelala ubavu, blanketi limefika shingoni, uso umetulia. Jiko lilikuwa na majivu. Chumba hakikuwa na harufu yoyote.

Daktari aliyeupokea mwili alisema ni hewa ya mkaa, na kwamba hewa hiyo haionekani wala hainuki. Ukoo wa Mgaya haukukubali. Mdogo wa marehemu, Kaspari, alikuja kutoka kijijini na wazee wengine, na kabla ya mazishi walikaa katika sebule ileile, upande huu wa pazia la mwanzi. Ludia aliwekwa kwenye mkeka mbele yao. Festo alikaa karibu na ukuta na hakuinua kichwa. Majirani tuliruhusiwa kusikiliza kutoka barazani. Sote tulijua kinachofuata kwa mwanamke ambaye mama mkwe wake amekufa siku ya kwanza ya kula chakula chake. Akirudishwa kwao na neno hilo, hakuna atakayekula mkononi mwake tena, na hakuna atakayempelekea nguo ashone.

Kaspari aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiye na hasira.

"Chakula alipika nani?"

"Mimi, baba."

"Chai?"

"Mimi."

"Na wewe ulikula chakula hichohicho?"

"Sote tulikula. Hata Mwalimu alikula." Aliniashiria mimi, nami nikakubali kwa kichwa.

"Daktari anatuambia mkaa," Kaspari alisema, akiwageukia wenzake. "Mimi nimezaliwa penye mkaa. Nimelala na mkaa, mke wangu kajifungua watoto wote pembeni ya mkaa. Leo mkaa umekuwa na macho, umemchagua mama mkwe aliyemkataa bibi harusi. Mkaa huu una akili, jamani."

Mzee mmoja alicheka puani. Kaspari alimwambia Ludia kwamba hawakuja kugombana, wanataka tu aseme alichotia. Akisema, mambo yataishia kwa ukoo. Asiposema, watampeleka mahali ambapo watu husema. Ludia alijibu kwamba hakutia kitu. Kaspari aliuliza tena, kwa maneno yaleyale, naye alijibu kwa maneno yaleyale. Nilihesabu hivyo kuwa ni dalili nzuri kwake, lakini wazee hawakuhesabu kama mimi.

Hapo ndipo Mzee Kiswaga alipofika. Alikuwa amepata habari Makambako kwamba mtu amefia katika nyumba yake, akaja kutoa pole. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vumbi la mbao kwenye mikunjo ya koti. Yustina alikuja nyuma yake. Kiswaga aliwasalimu wazee kwa salamu ya kwetu, kamwene, wakaitikia, akaomba aonyeshwe chumba. Waliinuka wote. Nasi wa barazani tukaingia, hakuna aliyetuzuia.

Alisimama mlangoni akatazama juu, ukuta huu na ukuta ule. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu katika chumba cha marehemu.

"Nani amevika ukuta wangu maua?" aliuliza.

"Mimi, baba," Ludia alisema kutoka nyuma ya watu.

Kiswaga aliomba kigoda, akapanda, akavuta ua moja. Lilitoka kwa shida, kwa jinsi lilivyoshindiliwa. Upepo ukaingia mara moja, pazia likainuka. Alishuka, akakaa juu ya kigoda na lile ua mapajani.

"Daktari amesema kweli," alisema. "Haya matundu niliyatoboa kwa mkono wangu."

Kaspari alimwuliza aliyatoboa kwa nini.

Kiswaga alieleza bila kuinua sauti. Alipomaliza kuijenga nyumba aliisifu kwamba hata sindano ya upepo haipiti. Katika baridi ya kwanza mkewe, Emiliana, alikuwa amejifungua. Yeye alikuwa msituni na wapasuaji mbao. Emiliana alijiwekea jiko chumbani kwa ajili ya mtoto. Kiswaga aliporudi aliwakuta wote wawili wamelala, katika chumba hikihiki, na wote wawili walikuwa wamepoa. Baada ya kuwazika alichukua nyundo na patasi, akatoboa kuta za kila chumba cha kulala, pande mbili, ili hewa iingie huku itokee kule. Kisha akashindwa kulala humo, akahama.

"Mimi niliambiwa ni ya jukwaa," Ludia alisema.

Kiswaga alimtazama dada yake. Yustina alisema kwa ukali, "Usinitazame. Ni wewe uliyesema tusitaje. Ulisema nani atapanga chumba walichofia watu."

"Nilisema."

"Basi mimi ningemwambia nini mpangaji? Aniulize tundu la nini, nimjibu la Emiliana?"

Kaspari alimkatiza. "Kwa hiyo mzee wangu ulijua nyumba yako inaua."

"Nilijua. Nikatoboa. Nikadhani kutoboa kunatosha."

Hapo Festo alisema kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze. Hakumwuliza Kiswaga wala Yustina. Alimgeukia mkewe. "Ya chumba hiki uliyashona lini?"

"Mwishoni," Ludia alijibu. "Nilipokuwa nimekwisha kuzoea. Nilitaka ya mama yawe mazuri kuliko yote."

Kaspari, ambaye nimemweleza kama nilivyomwona na si vibaya zaidi, alirudi sebuleni, akasimama mbele ya watu wote, akatamka kwamba hakuna sumu, hakuna uchawi, na mkwe wao hana hatia ya kuua. Alilisema kwa sauti ili barazani wasikie. Hivyo lile alilokuwa akiliogopa Ludia liliondolewa. Lakini ili liondolewe ilibidi mkutano mzima ujue kwamba aliyeifunga hewa ni yeye, kwa sindano yake, na kwamba kila ua lilisifiwa na mmoja wetu.

Bi Natalia alizikwa kijijini kwao. Festo alikwenda na mwili na hakurudi kukaa katika nyumba ile. Aliomba kuhamishwa, akahamishwa. Kwa nini hakumchukua mkewe, sikupata kulisikia kutoka kwake, kwa hiyo silisemi. Ludia alirudi kwenye chumba kimoja nyuma ya soko, pamoja na mashine yake.

Kabla ya kushona nguo ya mtu yeyote, alianza kupita katika nyumba alizoziuzia maua. Katika nyumba ya kwanza alieleza habari nzima, tangu Emiliana hadi mama mkwe, akalia, na mwenye nyumba aliogopa, akamtoa nje kabla hajagusa ukuta. Alirudi baadaye, mwanamke huyo akiwa shambani, akayatoa maua kwa ruhusa ya mume wa mwanamke huyo. Katika nyumba ya pili alifupisha. Aligundua kwamba kadiri alivyosema mengi, watu walisikiliza msiba wake na kusahau ukuta wao. Basi akawa anapunguza. Akaacha kumtaja Emiliana. Akaacha kumtaja mama mkwe. Akaacha kueleza mkaa, kwa sababu kila aliyesikia neno mkaa alijibu kama Kaspari.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mama Nebati, nami nilikuwa kwake nimekwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa. Ludia aliingia, akasalimu, akaomba kigoda. Mama Nebati alimwuliza anataka nini. Ludia alionyesha ua lililokuwa juu ya kitanda cha mama wa yule mtoto.

"Hilo nimelilipia," Mama Nebati alisema. "Na baridi hii unataka imwingie mtoto? Hata kikohozi hakijamwisha."

"Tundu hilo alitoboa nani, mama?"

"Sijui. Tulilikuta. Marehemu babu yake Nebati, labda. Kwani kuna nini?"

Ludia alikuwa amekwisha kupanda kigoda. Alilivuta ua kwa mikono miwili mpaka likatoka, na upepo ukaingia chumbani. Mtoto akajinyoosha. Mama Nebati alisimama, mikono kiunoni, akauliza nani amemtuma kuja kuharibu nyumba za watu.

Ludia alishuka, akalitia ua mfukoni, akamjibu, "Tundu usilolitoboa, usilizibe."